Sato wa Kirumba, dakika hamsini za kusubiri, na kesi ya Arusha iliyonikuta mezani

Wadau wa Mwanza habari za wikiendi. Tangu niweke ile picha ya sato kwenye stetasi watu hawajaacha kunitumia meseji, ni wapi, bei gani, wanakaanga au wanachoma, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja, na naomba radhi mapema kwamba katikati nitatoka nje ya samaki maana hiyo siku tulitoka wote.

Jina la sehemu sitaji kwa sababu haina jina, hakuna bango wala nini, watu wanasema tu kwa Mayu, na mji huu kila mama anayepika ni Mayu kwa hiyo hata nikisema haikusaidii. Ni Kirumba, unashuka kama unaenda soko la samaki la Mwaloni, ukianza kuingiwa na harufu ya dagaa ujue umekaribia, banda la mabati lina meza sita za plastiki na TV ambayo sijui waliiingizaje mlangoni.

Tulifika jumamosi saa saba mchana, mimi na jamaa yangu mmoja wa Ngara tunafanya nae kazi. Tukaagiza sato wawili, mmoja wa kuchoma mmoja wa kuchemsha, ugali wa muhogo, na kachumbari. Elfu kumi na mbili kila sato, wakubwa, mkia unatoka nje ya sahani. Mayu akatuambia "subirini kidogo wanangu", na hapo ndo penye shida ya kwanza ya hii sehemu, kidogo ya Mayu ni dakika hamsini. Samaki anaanza kuparuliwa magamba ukiwa umeshakaa. Kwa upande mmoja ni vizuri maana unajua hakulala kwenye friji siku tatu, ila kama una njaa ya kweli utakula kachumbari yote kabla ugali haujafika, sisi tuliila tukaomba nyingine (ya pili wanachaji buku, hawakuambii mpaka kwenye bili).

Sasa wakati tunasubiri TV ilikuwa kwenye taarifa ya habari, mambo ya Goma na waasi wa M23 na Kinshasa na Kigali wanarushiana maneno kama kawaida, na dogo mmoja meza ya pili akasema kwa sauti, hawa wote si wapelekwe tu Arusha, si kuna mahakama pale. Kuna mzee alikuwa amekaa peke yake na mchemsho wake kwenye kona, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema "Arusha ipi kijana, ile ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda imefungwa tangu mwisho wa 2015, na hata ingekuwepo isingewagusa hawa, ile ilipewa mwaka mmoja tu wa kushughulika nao, 1994, Januari mpaka Disemba, ya Congo ya sa hivi ni mambo ya The Hague, kule ICC."

Tukampa shikamoo tukasogeza viti. Kumbe mzee ni dereva mstaafu wa malori, miaka ile alikuwa anapeleka chakula cha misaada kambi ya wakimbizi ya Benaco kule Ngara, na jamaa yangu kusikia Benaco akawa kama amekutana na mjomba, maana yeye alizaliwa pale pale, wazazi wake waliona ile siku ya mwisho mwisho wa Aprili 94 watu kama laki mbili na nusu wanavuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne. Mama yake mpaka leo anahesabu kwa kuni. Anasema kabla ya wakimbizi kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, baada ya miezi mitatu ukitaka kuni unatembea nusu siku.

Mi nilikuwa najua ile mahakama ya Rwanda kama jibu la mtihani tu, basi. Mzee alichotueleza mpaka samaki akaja ni kitu ambacho nadhani kila mtu wa huku kanda ya ziwa angepaswa kukijua. Kwanza kumbe Rwanda yenyewe ndo iliyoomba hiyo mahakama, alafu siku ya kupiga kura kule Baraza la Usalama, tarehe 8 Novemba 1994, ikapiga kura ya hapana peke yake, na ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka huo! Sababu zao zilikuwa nyingi, adhabu ya kifo haimo, huo mwaka mmoja waliona hautoshi maana mipango ilianza nyuma, na walitaka watu wao wahukumiwe kwao. Februari 1995 ikaamuliwa ikae Arusha. Kwa hiyo sisi tulipokea mgeni ambaye nyumba ya jirani iliyofiwa haimtaki vile alivyo.

Mzee akaiweka hivi, na mi nimeipenda: ni kama matanga yamewekwa nyumbani kwako alafu wafiwa hawaongei. Huwezi kuwafukuza, huwezi kuchukua upande, kazi yako ni maji, turubai na vyoo.

Na kiukweli ukiangalia, serikali yetu ndo ilichofanya. Ikatoa jumba la mikutano pale AICC, ikatoa eneo la mahabusu kwenye gereza la Kisongo, ikaruhusu mashahidi waingie na kutoka, ikakaa kimya. Hapo alipita Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya, huyo hukumu yake ya Septemba 1998 ndo ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Akapita Jean Kambanda waziri mkuu mzima, huyu alikamatiwa Nairobi 1997, akakiri makosa, maisha jela. Jumla walishtakiwa 93 na waliohukumiwa vifungo ni 62. Kwa miaka ishirini na ushee naona si haba, wengine wanasema ni wachache kwa hela iliyotumika, mi sijui hesabu za dola lakini kumpata waziri mkuu kizimbani Afrika hii sio kitu cha kila siku.

Sasa ugomvi. 1999 majaji wa rufaa wakasema Barayagwiza, mmoja wa wale wa redio ya chuki, aachiwe kwa sababu alikaa mahabusu muda mrefu bila taratibu kufuatwa, Kigali ikawaka, ikasimamisha ushirikiano na mahakama, mpaka Machi 2000 majaji wa rufaa wakageuza uamuzi. Tena mwendesha mashtaka Carla Del Ponte akataka kuchunguza na upande wa RPF, chama cha Kagame, mara 2002 mashahidi kutoka Rwanda wakawa hawafiki, kesi zinaahirishwa, na mwaka uliofuata mama yule akaondolewa kwenye kesi za Rwanda akaletwa Jallow wa Gambia. Hapo dogo wa meza ya pili akadakia kwamba basi Rwanda ndo walikuwa wakorofi, mzee akamkatalia, akamwambia "we ukiuliwa ukoo mzima alafu mtu akwambie aliyekuua anaachiwa kwa sababu karatasi ilichelewa, utashirikiana?" Dogo akanyamaza. Ila mzee nae hakuishia hapo, akasema pia mahakama inayochunguza upande mmoja tu inaacha kidonda upande wa pili, na hicho kidonda ndo unachokiangalia kwenye TV hapo. Mi hapo sikukubaliana nae moja kwa moja, ya Congo yana mizizi mingi, kuna ardhi kuna madini kuna uraia, ila sikubishana, mzee alikuwa na moto.

Samaki akafika hapa. Nisimalize bila kumsema. Yule wa kuchoma ngozi imekauka vizuri inavunjika, ndani bado ana maji yake, chumvi imeingia mpaka kwenye mfupa, ndimu wanakupa nzima sio kipande. Wa kuchemsha ndo mwenyewe sasa, nyanya, kitunguu, bamia mbili, pilipili mbuzi imeelea nzima usiipasue kama hujajiandaa. Ugali wa muhogo laini hauna mchanga. Kwa huyu wa kuchemsha peke yake nampa Mayu kumi kwa kumi na watu wa mahotelini waje wajifunze.

Tukiwa tunakula jamaa wa Ngara akaleta habari ya Meja Ntuyahaga, ambayo mi sijawahi kuisikia. Huyu alijisalimisha Dar 1998, mahakama ya Arusha ikamshtaki alafu ikafuta mashtaka, Rwanda wakamtaka, Ubelgiji wakamtaka kwa sababu ya wale askari wao kumi wa kulinda amani waliouliwa Kigali 94, na sisi tukabaki na mtu mkononi. Miaka mitano anakaa rumande huku mabalozi wanazunguka. Mwisho mahakama ya Dar ikakataa kumpeleka Rwanda, 2004 akaenda Ubelgiji, 2007 wakampa miaka ishirini. Hapo ndo nikaona kwamba kushirikiana na mahakama ya kimataifa sio kusaini tu, kuna siku unamkosea jirani yako ili ufuate sheria, alafu kesho yake unakaa nae meza moja. Na Rwanda walijiunga na Jumuiya 2007, makao makuu yako Arusha hiyohiyo, kwa hiyo mji mmoja asubuhi wanajadili ushuru wa forodha na mtaa wa pili wanajadili nani alimuua nani.

2013 ndo ilikuwa pabaya zaidi, wengi mnakumbuka, Kikwete alisema kule Addis Ababa kwamba Rwanda waongee na FDLR, wale waasi wa Kihutu walioko Congo, Kagame akachukia vibaya mno, maneno yakatoka ambayo marais hawaambiani, wanajeshi wetu wako Congo, huku Kagera inapita Operesheni Kimbunga maelfu wanaambiwa warudi kwao, wengine wamezaliwa hapa. Na mwaka huohuo mahakama inaendelea na rufaa zake Arusha kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo utulivu naupa sifa. Kuna majirani zetu wengine mahakama iliwahi kuwashtaki mpaka Baraza la Usalama kwamba hawasaidii kumpata Kabuga, yule tajiri aliyetuhumiwa kufadhili mauaji, na yeye akaja kukamatwa Ufaransa 2020.

Kitu ambacho siipi sifa ni wale walioshinda kesi. Ntagerura, aliyekuwa waziri kule Rwanda, aliachiwa huru 2004, hana hatia, akabaki Arusha kwenye nyumba ya kuhifadhiwa mpaka Disemba 2021! Kwao anaogopa, nchi nyingine hazimtaki. Sisi tuna msemo mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, hawa hata jembe hawapewi. Wakaja kupelekwa Niger wakiwa nane, pamoja na wengine waliomaliza vifungo, wiki chache tu Niger nao wakawaambia ondokeni. Mzee alicheka tena hapo lakini sio kicheko cha furaha.

Mayu alikuwa anasikiliza muda wote anapanguza meza. Akaja akasimama, akasema mwaka 94 alikuwa msichana anauza samaki wa kukaanga na mama yake hapohapo Mwaloni, na miezi ile ya katikati ya mwaka watu waliacha kununua. Wakiona samaki wanatema mate. Mzee akamwambia mbona mto Kagera haumwagi maji huku, unaingia ziwani upande wa Uganda, enzi hizo ilikuwa Rakai, maiti waliopolewa kule, huku ni mbali. Mayu akamjibu "samaki ana pasipoti, baba?" Mama yake aliuza maharage mwaka mzima, mtaji wa samaki haukurudi, na hakuna mtu aliyekuja kumuuliza chochote, si wa serikali si wa mahakama. "Arusha walipata dola, sisi tulipata woga." Akachukua sahani akaondoka.

Hakuna aliyejibu. Mi niliangalia mifupa ya sato kwenye sahani yangu nikajisikia vibaya kidogo, alafu nikamalizia mchuzi, nisidanganye.

Haya kwa wanaotaka kwenda. Piga hesabu ya elfu kumi na tano kwa mtu na soda. Nenda kabla ya saa sita au agiza upitie Mwaloni urudi. Chenji hawana, nilitoa elfu thelathini kwa bili ya elfu ishirini na saba nikaambiwa elfu tatu yangu nitaikuta wiki ijayo, na kweli wiki ijayo niliikuta, imefungwa kwenye karatasi imeandikwa "wa Ngara" kwa hiyo kidogo jamaa aichukue yeye. Kuhudumia ni polepole ila hawana dharau. Inzi wapo, ni Mwaloni, usije na matarajio ya Capri Point. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa zile dakika hamsini na ile kachumbari ya buku.

Mzee huwa yuko jumamosi, kona ya kushoto. Kiti kinachomwangalia kina mguu umefungwa waya, usikikalie, na choo ni cha jirani, ufunguo anakaa nao Mayu mwenyewe.