Pampu ya Xiaomi 1S kwa Benzi, BMW na Audi: ya kurekebisha upepo, si ya kujaza tairi tupu

Sheli nyingi swali ni moja tu: "Ngapi?" Ukisitasita, unawekewa psi 35 (psi ni kipimo cha upepo) pande zote nne, sawa na Probox iliyotoka pale sasa hivi. Kwa gari ambalo mtengenezaji ametaka mbele na nyuma zitofautiane, hapo tayari mambo yameharibika. Na hata ukiwa na namba yako kichwani, tatizo bado lipo. Namba ya kwenye kibandiko cha mtengenezaji garini ni ya tairi baridi, na wewe umefika pale baada ya nusu saa ya foleni na jua. Upepo umeshapanda psi 3 au 4. Ukiwekewa 35 hapo hapo, kesho alfajiri tairi litasoma 31 au 32, na utaanza kumtafuta fundi wa pancha bure.

Ndiyo maana pampu ndogo ya kuchaji kama Xiaomi Portable Electric Air Compressor 1S inamfaa mwenye gari la kifahari kuliko inavyodhaniwa. Nguvu zake ni za kawaida tu. Faida yake ni kwamba inakaa nyumbani, gari lilipolala, na asubuhi tairi likiwa baridi unaweza kupata namba ya kweli. Baridi hapa maana yake gari limesimama muda usiopungua saa tatu, au limetembea kilomita moja na nusu tu bila mwendo mkali.

Kuitumia hakuhitaji fundi. Ukichomoa mpira wake wa kupitisha upepo kwenye mwili wa pampu, inajiwasha. Fungua kifuniko cha valvu, kaza kichwa cha mpira kwa kuzungusha, na skrini inaonyesha upepo uliomo kabla hujabonyeza chochote. Modi ya gari huja ikiwa imewekwa bar 2.5 (bar ni kipimo kingine cha upepo), na unaweza kuishusha hadi 1.8 au kuipandisha hadi 3.5. Weka namba yako, bonyeza, itanguruma, na ikifika inazima yenyewe. Kitufe cha modi kikishikiliwa kwa muda kinabadilisha kipimo kati ya bar na psi. Kipimo cha kPa hakimo, lakini hilo lisikusumbue. Gari lililotoka Japani likiwa na kibandiko cha 230 kPa, gawanya kwa 100 upate bar 2.3, ambayo ni psi 33. Kwa magari ya Japani, basi, iache kwenye bar.

Sasa namba yenyewe inatoka wapi? Mercedes-Benz nyingi kibandiko kipo ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. BMW na Lexus kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Audi inategemea modeli, angalia kote kuwili. Kisome chote, usichukue namba ya kwanza unayoiona. Kuna mistari kwa kila saizi ya tairi, kuna mbele na nyuma, na kuna michoro ya abiria na mabegi: gari jepesi lina namba yake, gari lililojaa lina yake, na ya nyuma ndiyo hupanda zaidi. Anayezunguka mjini peke yake wiki nzima hana haja ya namba ya mzigo. Ila safari ya sikukuu, watu watano na buti limejaa, pandisha kabla ya kuondoka, si njiani.

Pale ambapo wengi hupotea ni baada ya kubadilisha rimu. Chukua Mercedes C-Class ya toleo la W205 iliyotoka kiwandani na tairi 225/50R17 94. Hiyo 94 ni uwezo wa kubeba kilo 670, na tairi la kawaida hufikia uwezo huo kwa bar 2.5. Mwenye gari akapenda inchi 18, akafungiwa 225/45R18 95 XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi. Kwa namba, 95 ni kilo 690, kwa hiyo anaona amepanda daraja. Lakini tairi la XL hupimiwa uwezo wake kwa bar 2.9. Likiwa na bar 2.5 linabeba kilo 610 hivi tu, na ili lifikie kilo 670 za lile la zamani linahitaji karibu bar 2.8. Kwa hiyo kama kibandiko kina mstari wa saizi yako mpya, fuata huo. Kama hakina, pandisha bar 0.2 hadi 0.3 juu ya namba ya tairi la zamani. Ukiacha namba ileile, tairi hujikunja zaidi ubavuni, linapata joto, na kwenye shimo rimu inagonga lami kupitia mpira. Hapo ndipo unapoona rimu imepinda au uvimbe ubavuni, na uvimbe hauzibwi, tairi hilo linatupwa.

Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, 44 au 50 psi, ni kikomo cha juu. Si lengo. Ukijaza hadi hapo gari linadunda, breki kwenye lami yenye maji zinapungua ushikaji, na kashata zinaisha katikati huku pembeni zikiwa bado mpya. Upepo mdogo ni kinyume chake: pembeni kote kuwili ndiko kunaisha. Macho hayasaidii. Tairi fupi la ubavu mdogo likiwa pungufu kwa psi 8 linaonekana zima kabisa, na yale ya ranfleti ya BMW, ambayo ubavu wake mgumu unaweza kubeba gari hata bila upepo, yanadanganya zaidi.

Wanaosafiri kati ya pwani na nyanda za juu huuliza kama warekebishe. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ukipanda kutoka Dar hadi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, tairi husoma psi 2 zaidi kwa sababu ya mwinuko peke yake. Lakini kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huondoa karibu psi moja na nusu hivi. Mara nyingi vinafutana. Pima asubuhi ya kwanza ukiwa huko, na usipunguze upepo wa tairi la moto njiani hata kama limesoma 39.

Turudi kwenye pampu na mapungufu yake. Usahihi unaotajwa na mtengenezaji ni psi 2 juu au chini, na hiyo si ndogo kwa gari ambalo mbele na nyuma zimetofautiana kwa psi 3. Nunua geji ya mkono nzuri, pima tairi moja kwa zote mbili, ujue pampu yako inakosea upande gani. Mpira ni mfupi, hivyo egesha gari valvu isiwe juu kabisa. Baada ya tairi la pili kichwa cha chuma kinakuwa cha moto. Subiri kabla ya kukishika. Ukikifungua polepole kinavujisha, kifungue kwa haraka. Haina njia ya kupunguza upepo, itabidi ubonyeze pini ya valvu kwa mkono. Na kelele yake saa kumi na mbili asubuhi majirani wataisikia.

Betri ni ya 2,000 mAh. Kutoka bar 2.2 hadi 2.5 kwa matairi manne ni kazi yake. Kutoka sifuri hadi 2.5 ni hewa mara nane zaidi kwa kila tairi, na hapo unaibebesha mzigo mzito mno. Usiihifadhi garini juani, joto la ndani linaiua betri.

Ukimaliza, ingia kwenye menyu ya gari uhifadhi upepo mpya. Audi nyingi hazina sensa ndani ya tairi. Zinalinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia sensa za breki za ABS. Ukihifadhi namba mbovu, gari litaichukua kuwa ndiyo sahihi, na matairi yote yakipungua kwa pamoja taa ya onyo inaweza isiwake.

Spea nyembamba ya muda inahitaji bar 4.2, na modi ya gari inaishia 3.5, kwa hiyo hamia modi huru, isiyofungwa na kikomo hicho. Mwenye Range Rover au Land Cruiser, zenye matairi makubwa, aachane na hii, achukue pampu ya volti 12 inayobanwa moja kwa moja kwenye betri ya gari.