Nyumba ya felti juu ya meza: niliyoyaona baada ya miezi minne

Pakiti hii niliinunua kwa ajili ya watoto wangu wawili, binti wa miaka mitano na mdogo wake ambaye bado hajafikisha miwili. Ndani mlikuwa na vipande vya felti vilivyochorwa tayari: kuta nne na paa la nyumba ya kuchezea inayovikwa juu ya meza ili watoto waingie chini yake, pamoja na wanyama watatu wa kushona na kujaza, yaani tembo, kuku na sungura. Nimeshona yote mwenyewe, wanyama kwa sindano ya mkono na nyumba kwa cherehani, na watoto wanavichezea kwa mwezi wa nne sasa. Wanyama ningewanunua tena hata leo. Nyumba, kwa jinsi ilivyokuja, sikushauri uinunue.

Nianze na wanyama, maana huko ndiko nilikofurahia. Uzuri wa felti ni kwamba haikufumwa. Nyuzi zake zimebanwa na kusokotana ovyo kila upande, kwa hiyo ukiikata haifumuki wala haihitaji kupindwa. Sikio la sungura unalikata na linakaa vilevile. Kwa mtu ambaye si fundi hii ni nafuu kubwa, kwa sababu kazi yote ngumu ya kuficha pindo haipo. Unaweka vipande viwili pamoja, unashona kwa nje, na mshono wenyewe unakuwa pambo. Mimi nilitumia mshono wa blanketi, yaani ule unaozungusha uzi ukingoni, sindano ikipita kila baada ya milimita nne hivi. Uzi wa kutarizi uliokuja una nyuzi sita ndani yake. Usiutumie mzima. Gawanya, shona na nyuzi mbili, na utaona mkono unavyotulia.

Maelezo ya watengenezaji kuhusu kujaza ni mafupi mno, nayo ndiyo hatua inayoamua mnyama atakuwaje. Tembo wangu wa kwanza shingo ilimlegea kwa sababu nilisukuma pamba kwa mafungu makubwa. Nikamfumua, nikaanza upya: vijipande vidogo kama ncha ya kidole, miguu na mkonga kwanza, nikisindilia kwa kitako cha penseli, tumbo mwisho kabisa. Safari hii alisimama. Bado anasimama, na binti yangu humlaza peke yake kwenye kiboksi, wengine wanalala kwa pamoja.

Tembo wa felti ana historia ambayo ilinipa moyo nilipokuwa nikimfumua. Margarete Steiff, mshonaji wa Giengen, Ujerumani, aliyepata polio akiwa na mwaka mmoja na nusu na kuishi kwenye kiti cha magurudumu, alishona tembo mdogo wa felti mwaka 1880 ili awe mto wa kuchomekea pini. Watoto wakampenda, wakamfanya mwanasesere, na kiwanda chake cha vitu vya kuchezea kikaanzia hapo. Kwa hiyo ukiona tembo amewekwa wa kwanza kwenye pakiti ya namna hii, ana haki ya kuwapo.

Sasa macho. Pakiti ilikuja na macho ya plastiki ya kubana kwa nyuma, na picha inaonyesha mtoto mchanga amemkumbatia sungura. Hapa sikubaliani nao hata kidogo. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, vipimo vya usalama vya Ulaya na Marekani hutumia kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia humo kizima kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Jicho la milimita nane linatumbukia na nafasi inabaki. Tena felti nyembamba inachanika kirahisi kuzunguka tundu ulilolitoboa, hata kama kibanio ni imara. Niliyaweka macho yote pembeni, nikatarizi kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Sungura akawa na uso mpole kuliko wa kwenye picha, na mdogo anamtafuna masikio bila mimi kukurupuka.

Masikio hayohayo ndiyo yaliyonionyesha udhaifu wa felti yao. Baada ya mwezi yalijaa vijiduara vya nyuzi, hasa pale yanaposhikwa. Nikakata kipande kidogo kutoka kwenye mabaki, nikakishika kwa koleo na kukiunguza juu ya sinki: kikayeyuka na kuacha tone gumu. Poliesta tupu, yaani nyuzi za plastiki. Sufu ingenuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Sungura wa pili nimemshona kwa felti ya sufu niliyoinunua kando, na tofauti mkononi ni kubwa. Ni nzito kidogo, inabonyea kisha inarudi. Ila sufu ina masharti. Kila unyoya wake una magamba madogo, na maji ya moto, sabuni na msuguano huyafanya yakabane zaidi. Ndivyo felti inavyotengenezwa, na ndivyo sungura wako atakavyosinyaa ukimtupa kwenye mashine ya kufulia. Maji baridi, mkono mwepesi, umkaushe amelala.

Nyumba ndiyo iliyoniumiza. Kuta zilikatwa kwenye felti ileile ya milimita moja waliyotumia kwa wanyama. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za wima na za ulalo zinazobebana. Felti haina, kwa hiyo ukiining'iniza inajivuta polepole na hairudi. Wiki ya kwanza ukuta wa mlango ulikaa vizuri. Wiki ya tatu ulikuwa unaburura sakafuni, nikaupima, nikakuta umeongezeka sentimita tatu. Binti yangu akawa anaukanyaga kila anapotoka, na paa linavutika pamoja naye. Hilo si la kupuuza: chochote kilichoachwa juu ya meza kinaweza kumwangukia. Tangu hapo meza hiyo haiwekwi kitu wakati wanacheza.

Niliwaandikia wauzaji. Jibu lao lilikuwa nipige pasi, itarudi. Nilijaribu kwenye kipande cha mabaki na pasi ya moto wa kawaida ikanasa palepale. Poliesta haitaki moto. Kama ni lazima upige pasi, weka kitambaa cha pamba juu na ushushe joto hadi chini kabisa. Kunyooka itanyooka, lakini urefu ulioongezeka hautaondoka.

Basi nikashona nyumba upya. Nilipima meza yangu mwenyewe, sentimita 120 kwa 75, kimo 74, nikaongeza sentimita mbili kila upande wa mshono, na kuta nikazikata kwenye marekani nzito, kitambaa cha pamba kilichofumwa, iliyofuliwa kabla. Urefu niliuishiza sentimita moja juu ya sakafu ili usikanyagike. Felti yao sikuitupa: ikawa matofali, dirisha, mti wenye matunda, kisanduku cha barua. Hapo ndipo inapong'aa, ikiwa imeshikizwa juu ya kitambaa kinachobeba uzito. Kwenye cherehani nilitumia sindano nene, namba 100, na mshono mrefu wa milimita tatu hadi nne, kwa sababu mishono ya karibukaribu huitoboa felti kama karatasi ya stempu, ikachanika kwenye mstari huohuo.

Velkro za gundi (tepe za kunatana) zilizokuja na pakiti, nilizozitumia kwanza kushikiza matunda ya mti, zilibanduka siku ya pili, na zilizobaki zilikuwa zikikwangua felti hadi ikatoa manyoya. Badala yake nilitengeneza vifungo vya felti, duara mbili zilizoshonwa pamoja zenye upana wa sentimita nne, nikavishona kwa nguvu kwenye mti. Kila tunda nikalipasua mpasuo mmoja katikati. Hakuna kutarizi tundu, kwa kuwa felti haifumuki. Mdogo alijifunza kuchuma kwanza; kuvisha tunda kwenye kifungo kulimchukua wiki nyingi, na siku alipoweza aliyavisha yote, akayachuma, akaanza tena mpaka akasinzia chini ya meza.

Kama unanunua, nunua pakiti ya wanyama peke yake ikiwa wanaiuza hivyo, uangalie kama imeandikwa ni sufu au poliesta, na macho yatarizi. Nyumba nunua kitambaa chako, upime meza yako. Mimi ilinichukua jioni tisa baada ya watoto kulala. Mapazia ya dirisha nimeyafunga kwa utepe mfupi sana, usioweza kuzunguka shingo. Wiki hii ninakata mlango wa pili upande wa nyuma, maana mmoja hauwatoshi.