Miezi mitano ya kutafuta mwalimu wa Kihindi nikiwa Mbeya: uzoefu wangu

Nilianza kutafuta mwalimu wa Kihindi mwezi Oktoba, wiki ileile familia ilipokubaliana kwamba mama apelekwe Delhi kutibiwa moyo na mimi ndiye niandamane naye. Safari ilipangwa Machi. Mama anajua Kinyakyusa na Kiswahili tu. Mimi nina Kiingereza cha kutosha kuongea na daktari, kwa hiyo daktari hakunipa hofu. Nilikuwa nimezungumza na watu wawili waliotangulia kupeleka wagonjwa India, na wote waliniambia jambo moja: daktari unamwona dakika chache kwa siku, muda uliobaki uko na mfagizi, mlinzi, muuza dawa, dereva wa bajaji na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilitaka niweze kuongea na hao, mama akizidiwa usiku.

Wiki mbili za mwanzo zilipotea kwa sababu ya neno lenyewe. Huku kwetu tukisema "Kihindi" tunamaanisha chochote anachoongea Mhindi dukani kwake. Nikashuka mjini kwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, tunanunua kwake tangu nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo vitenge au mashuka?"

Nilipomweleza shida yangu aliweka mkasi chini, akavuta kiti nikae. Akaniambia nyumbani kwao wanaongea Kikachi, lugha ya Kutch huko Gujarat alikotoka babu yake. Kihindi anachokijua kimetokana na filamu: anaelewa karibu kila kitu, lakini hajawahi kukisoma darasani na hawezi kumfundisha mtu kukiandika. Wengi wa Wahindi wa Tanzania asili yao ni upande huo wa Gujarat na Kutch, na Katiba ya India inaorodhesha lugha 22, kila moja na watu wake. Sikuwa najua hilo. Hakunitoza hata shilingi, ila kabla sijatoka alinipa somo ambalo lilinifaa mpaka mwisho. Kihindi kina "wewe" tatu: *tu* ya mtu wa karibu sana au mtoto, *tum* ya rafiki, na *aap* ya heshima. "Hospitali kila mtu ni *aap*," aliniambia, "hata anayepiga deki."

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize unakwenda mji gani. Jirani yangu wa Uyole alikuwa anampeleka mumewe Chennai, akataka tuchangie mwalimu. Bahati nzuri tulimuuliza kwanza mwalimu niliyekuwa nimempata, naye akasema bila kuzunguka kwamba Chennai watu wanaongea Kitamil, lugha ya jamii nyingine kabisa, na kwamba huyo dada atumie hela yake kunoa Kiingereza. Mwalimu aliyekataa mwanafunzi kwa sababu hiyo nilimwamini kuanzia siku hiyo.

Programu ya simu nitaisema kwa kifupi. Nilitumia moja ya bure kwa wiki tatu, inafundisha kwa kupitia Kiingereza, na ilinipa herufi za Devanagari, maandishi ya Kihindi, vizuri sana: irabu 11, konsonanti 33, na ule mstari wa juu unaoziunganisha herufi kuwa neno. Kusoma kibao cha "dawa" au "maji" niliweza kwa sababu yake. Lakini programu haikusikii. Nilitamka ovyo, ikanipa alama zote.

Mwalimu wangu wa kwanza wa ana kwa ana nilimpata kwa kuulizia watu. Ni kijana wa hapahapa Mbeya aliyesoma shahada yake Pune, India, anafanya kazi ya kompyuta, na Jumamosi alikuwa na nafasi. Tulikutana Kabwe, saa mbili nzima kwa shilingi 10,000. Nampa sifa kubwa kwa jambo moja ambalo hakuna mwalimu wa mtandaoni aliyeweza kunipa: alinifundisha Kihindi kutoka ndani ya Kiswahili. Mfano mmoja. Waingereza huweka neno la mahali mbele ya nomino, sisi tunalibandika nyuma: nyumba, nyumba*ni*. Kihindi nacho hufuata nyuma: *ghar* ni nyumba, *ghar mein* ni nyumbani. *Aspataal mein*, hospitalini. *Kya* mwanzoni mwa sentensi inafanya kazi ya "je" yetu. *Mere paas* ni "kwangu". Na wale wanaoogopa kwamba Kihindi kina jinsi ya kike na ya kiume kwa kila kitu, mbona sisi tunabeba ngeli zote hizi tangu utotoni? *Mera bhai*, kaka yangu. *Meri maa*, mama yangu. Ni upatanisho uleule wa "mti wangu, kitabu changu", tena wao wana makundi mawili tu.

Halafu alinipa orodha ya maneno ambayo tayari ninayo. *Dava* ni dawa. *Sabun*, *duniya*, *kitaab*, *rang*, *hisaab*, *khabar*. Mengi Kihindi na Kiswahili wameyatoa Kiarabu au Kiajemi, na mengine sisi tumeyachukua huko India: gari, bima, laki, pesa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimechangamka, nikamwandikia mama kwenye karatasi.

Kasoro yake ilijulikana baadaye, na ilinikwaza. Kwa Kihindi kitenzi kinaonyesha anayeongea ni mwanamume au mwanamke. Mwanamume husema *main jaata hoon*, naenda. Mwanamke husema *main jaati hoon*. Yeye alijifunzia kwenye hosteli ya wavulana, akanifundisha alivyozoea kusema mwenyewe. Wiki tano niliongea kama mwanamume bila kujua. Nilipomweleza aliomba radhi na kuanzia hapo akawa ananirekebisha, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea na ilichukua muda kuurekebisha. Dada ukifundishwa na kaka, ulizia jambo hili siku ya kwanza.

Mtandaoni nilijaribu walimu watatu. Huko unalipa kwa kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni, kwa dola, na wengi wana somo la majaribio la bei ya chini. Wa kwanza alinisomea kurasa zilizoandaliwa dakika 50 mfululizo. Nilifungua mdomo kama mara nne. Wa pili alikuwa mzuri, muda ndio ulitushinda. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu: mimi nikitulia saa 2 usiku, kwake ni saa 4 na nusu, na nilimsikia akipiga miayo. Tena huo ulikuwa msimu wa mvua, jioni radi zinaanza, umeme unaondoka, simu inabaki na mnara wa kubahatisha.

Wa tatu ndiye aliyenifikisha. Ni mama wa makamo wa Lucknow, India, dola 7 kwa dakika 50. Tuliweka saa 12 asubuhi ya kwetu, kwake saa 2 na nusu, mara mbili kwa wiki. Alfajiri mtandao uko wazi na nyumba imetulia. Hakuanza na salamu za kitabuni. Aliniuliza: unakwenda wapi, na nani, na unaogopa nini? Nikamwambia naogopa mama kushindwa kupumua usiku na mimi nisijue kuita mtu. Akasema basi hiyo ndiyo sentensi yetu ya kwanza: *Meri maa ko saans lene mein takleef hai*. Mama yangu anapata shida kupumua. *Takleef* nikaitambua, ni taklifu yetu. Akaniita *beti*, binti yangu, na ndivyo alivyoniita mpaka leo.

Somo la tatu alinituma nikachukue kipande cha karatasi laini ya chooni. Nikishike mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili. Nilitakiwa kusema *pal*, yaani kitambo kidogo, na karatasi isitikisike. Kisha *phal*, yaani tunda, na karatasi iruke. Mara ya kwanza iliruka kwa yote mawili. Akaniambia nianze tena. Pengine mara ishirini, yeye akisogeza uso wake kwenye kamera nimwone midomo, mpaka karatasi ikatii. Pumzi hiyo ndiyo inayotenganisha *khaana*, chakula, na *kaana*, mtu mwenye chongo. Wenye Kiswahili cha mwambao wanaijua, kwani kwao paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa; sisi wa bara hatukulelewa nayo, inabidi tuitafute.

Aligundua na mambo mawili mengine ambayo ni ya kwetu kabisa. La kwanza, nilikuwa naweka irabu mwisho wa kila neno: *aap* nikasema "aapu", *raat* nikasema "raati". La pili ni *r* na *l*. Nimekulia Tukuyu, na lugha yetu ya nyumbani haina *r*, kwa hiyo nikiongea haraka zinabadilishana. Kwenye Kihindi *kar* ni fanya na *kal* ni jana. Au kesho. Ndiyo, *kal* ni jana na ni kesho pia, kitenzi ndicho kinachoamua: *kal aayegi* itakuja kesho, *kal aayi thi* ilikuja jana. Alinifanyisha zoezi la majibu ya vipimo kwa sentensi hizo mbili wiki nzima, na kule Delhi hakuna siku ilipita bila kuzihitaji.

Kwa wenye uwezo wa kukaa Dar es Salaam, kipo Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, cha ubalozi wa India, ambacho hufundisha Kihindi darasani. Kwangu Dar ni zaidi ya kilomita 800 na nina kazi, sikuweza. Ila ukiwa na likizo ndefu ningekushauri uulizie huko kwanza.

Gharama yangu: masomo 32 ya mtandaoni, dola 224, ukiacha bando na makato ya kadi. Jumamosi 18 za Kabwe, shilingi 180,000. Ningerudia tena ningefanya hivyohivyo, wawili kwa pamoja, mmoja wa kuniambia sarufi kwa Kiswahili na mmoja wa kunisikiliza ninavyotamka. Ningeruka zile wiki tano za kuongea kama mwanamume.

Tulikaa Delhi wiki tatu. Kuna jambo ambalo nawalaumu walimu wangu wote, nalo ni namba. Namba za Kihindi kutoka 1 mpaka 100 hazijengwi kama arobaini-na-tano yetu, karibu kila moja unaikariri peke yake, na *paintis* (35) na *paintaalis* (45) zilinichanganya mpaka mwisho. Tena dereva wa bajaji hakusema mia na hamsini kwa maneno niliyofundishwa. Alisema *dedh sau*, yaani mia moja na nusu yake. Lipo pia *dhaai*, mbili na nusu. Ni maneno ya kila siku kabisa, na ilibidi niyajue barabarani nikiwa na mgonjwa pembeni.

Usiku wa nne mama alikabwa pumzi. Wodini hakukuwa na nesi karibu, alikuwepo mama wa usafi anasukuma ndoo. Sentensi ilitoka yenyewe, yote, na *takleef* yake. Aliacha ndoo palepale akakimbia, na hazikupita dakika mbili wakaja na oksijeni. Baadaye alirudi akanishika bega, akaniuliza polepole nimetoka wapi, nami nikamjibu *aap* kwa *aap*.

Mama alikuwa na jirani kitandani, bibi mmoja wa vijijini Uttar Pradesh asiyejua Kiingereza. Mchana mmoja nilitoka kununua maji, niliporudi niliwakuta wanaongea. Bibi anaonyesha vidonge: "*Dava*." Mama anaitikia: "Ndiyo, dawa." Bibi anaonyesha sabuni. Mama anataja sabuni. Bibi akapiga makofi. Walikwenda hivyo mpaka maneno yakaisha, wakahamia kuonyeshana picha za wajukuu.

Tumerudi salama, mama anahudhuria kliniki Mbeya kila mwezi. Mimi nimebaki na somo moja kwa wiki, Alhamisi, saa ileile ya alfajiri, na sasa tunasoma gazeti. Mama akiwa amelala kwangu huwa anasikiliza kutoka kitandani. Mwalimu akisema *namaste*, mama hujibu kwa Kinyakyusa, "ndaga", na siku hizi mwalimu asipoisikia huuliza mama yuko wapi.