Uzoefu wangu na seti ya mazoezi ya zumari ya uilleann, D, ya mpingo

Nimeitumia seti hii ya zumari ya mfuko ya Ayalandi, yenye D kama noti yake ya msingi, miezi 18, saa moja hadi mbili karibu kila siku, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya vali ya mfuko, nitaieleza. Seti ya mazoezi ina vitu vitatu tu: mivukuto, mfuko, na chanta, yaani bomba lenye matundu ya vidole. Haina droni (mabomba yanayotoa noti moja mfululizo) wala regyuleta (mabomba yenye vibonyezo, ya kuongeza sauti za kusindikiza). Anayetaka kuishi kwa kazi ya upigaji huanzia hapa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu wanakagua mbao na pete za shaba zinazong'aa, wasikague upepo na ulimi, yaani kipande cha tete kinachotoa sauti.

Usiichanganye na zumari ya Uskoti inayopulizwa kwa mdomo mtu akiwa amesimama. Ya uilleann hupigwa umekaa, na jina lake linatokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. Mivukuto hufungwa kiunoni, ukaivukuta kwa kiwiko cha kulia. Mfuko unaubana kwa mkono wa kushoto. Pumzi ya mdomo haiingii kabisa. Wenzetu wa pwani wanaoijua nzumari wazingatie hapo: ulimi wa nzumari huingia mdomoni na kulowa mate, huu wa uilleann hukaa ndani ya chanta maisha yake yote na hupitiwa na hewa kavu. Usiulambe hata mara moja. Ukilowa huvimba na kupinda, na huenda usirudi ulivyokuwa.

Seti ikifika, kabla hujapiga noti yoyote, pima upepo. Chomoa chanta, ziba tundu lake kwa kizibo, vukuta mpaka mfuko uwe mgumu, kisha ubane kwa nguvu ile ile ya kupigia. Mfuko mzuri hubaki mgumu. Ukilegea ndani ya nusu dakika kuna mahali panavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mshono na pale mbao zilipofungwa mfukoni, povu litakuonyesha. Kama nje ni pakavu na mfuko bado unalegea, tazama mivukuto: ikianza kufunguka yenyewe polepole, upepo unarudi nyuma kupitia vali, mlango unaopaswa kuruhusu hewa iingie mfukoni tu. Hili ndilo lililoipata yangu. Kipande cha ngozi kinachofunika tundu la vali kilikuwa kimejikunja ukingoni, hivyo nusu ya jasho la mkono wa kulia ilikuwa inapotea bure. Nilikibadilisha kwa ngozi laini ya unene wa milimita moja hivi, kazi ya dakika 20. Ni kasoro ndogo, ila anayeanza hawezi kuijua. Atadhani mkono wake ni dhaifu na atakata tamaa.

Mkanda wa kiuno nao una mahali pake. Ukikaa juu, mivukuto hugonga mbavu. Ukikaa chini, kiwiko hakifiki. Weka mivukuto chini kidogo ya mbavu, na mkanda wa mkono uwe juu tu ya kiwiko. Vuta taratibu, sukuma taratibu. Shinikizo ni kazi ya mkono wa kushoto peke yake, mivukuto inajaza tu. Zoezi linalofaa kuliko yote: shika noti ya A, fungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, ushikilie dakika mbili. Mshale ukicheza kila unapovukuta, bado unasukuma noti kwa mkono wa kulia. Nawaomba wanaoanza wasikimbilie nyimbo kabla mshale haujatulia. Wapigaji wa Ayalandi wana msemo wa miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi na 7 ya kupiga, na ukishashika kiwiko hiki unaona kwa nini.

Sasa chanta. Ina matundu manane: dole gumba na vidole vitatu vya mkono wa kushoto juu, vidole vinne vya kulia chini. Kidole cha mwisho cha kushoto hakina kazi. Vidole hulala bapa, tundu likazibwa na nyama ya pingili, si ncha. Kipimo cha uzibaji ni hiki: ziba matundu yote, kandamiza mdomo wa chanta kwenye paja, weka shinikizo la kawaida. Panatakiwa kimya kabisa. Ukisikia mluzi au mpumuo, ama kidole kinavuja (mara nyingi kile cha pete, mkono wa kulia) ama kitambaa cha suruali kinapitisha hewa. Kipande cha ngozi kilichofungwa pajani kinamaliza hilo la pili, na ni lazima kinunuliwe pamoja na seti. Bila kimya hicho hupati oktavu ya juu, kwa maana njia ya kuipanda ni hiyo hiyo: funga yote pajani, ongeza shinikizo, fungua noti. Mlio mkali wa kukwaruza unaowatisha majirani karibu kila mara ni uvujaji wa kidole, si ubovu wa chombo.

Ulimi wenyewe ni wa tete, vipande viwili vinavyotazamana juu ya kibomba cha chuma, na kiunoni una kipete cha shaba. Ukikibana kipete bapani, midomo hujifunga. Ukikibana ubavuni, hufunguka. Midomo ikiwa wazi mno, chanta inadai nguvu nyingi na mkono unachoka. Ikifungwa mno, sauti inakuwa nyembamba na noti zinaruka oktavu zenyewe. Gusa kidogo sana, kisha piga, kisha subiri. Ukiuzamisha ulimi zaidi kwenye tundu lake, noti zote hupanda, lakini za juu hupanda zaidi kuliko za chini. Noti iliyokaa juu kidogo hushushwa kwa waya mwembamba unaoingizwa kupitia mwisho wa chanta. Adui mkubwa ni ukavu: chumba chenye hita wakati wa baridi hubadilisha ulimi ndani ya siku moja. Naweka kipimo cha unyevu ndani ya sanduku na sipendi kiwe chini ya asilimia 45. Atakayeipeleka Mombasa au Dar akutane na hali ya kinyume, basi aiache itulie siku kadhaa kabla ya kugusa kipete.

Mbao ya chanta yangu ni mpingo, ule ule wa Tanzania na Msumbiji. Ni mzito, una mafuta, na hausumbuliwi sana na mabadiliko ya hewa. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini ala iliyokamilika iliondolewa sharti la kibali Novemba 2019, hivyo kusafiri nayo siyo tabu tena.

Kuhusu kazi: chagua D. Ndiyo inayokubaliana na fidla na filimbi kwenye vikao vya muziki. Seti za C au B zina utamu wa pekee, nazipenda sana, ila kikaoni utakaa kimya. Ukialikwa harusini, fika dakika 40 kabla, fungua sanduku, acha chombo kizoee baridi ya kanisa. Ukipiga mara moja, utapanda au kushuka mbele ya watu wote. Na jifunze kutengeneza ulimi mwenyewe. Mpigaji mwenye ulimi mmoja ana hatari ya kukosa kazi ya wiki nzima. Warsha za kutengeneza ulimi hupatikana kwenye wiki ya Willie Clancy, mafunzo ya muziki wa asili huko Miltown Malbay, Ayalandi, kila Julai, na chama cha wapigaji cha Na Píobairí Uilleann cha Dublin, kilichoanzishwa 1968, hukodisha seti kwa wanaoanza. Kama huna uhakika, kodi kwanza.

Jambo la mwisho la kumwambia fundi unapoagiza: mfuko uwe tayari na tundu la droni, limefungwa vizuri na kuzibwa. Droni tatu zitakuja baadaye, moja sawa na D ya chini ya chanta, ya pili oktavu moja chini, ya tatu mbili, kisha regyuleta zenye vibonyezo 13. Mfuko usio na tundu hilo huenda ukalazimika kuubadilisha. Wangu ulikuwa nalo, na droni zilipofika mwezi uliopita zilikaa mahali pake jioni ile ile.