Laptopu zenye prosesa za ukoo wa simu: ipi ununue, ipi uiache

Ukiona laptopu nyembamba, haina feni, betri inafika jioni, kuna uwezekano mkubwa ndani yake kuna prosesa ya ARM, ndugu ya ile iliyo kwenye simu yako. Uzuri wake unauona dukani. Kasoro zake utaziona nyumbani, siku utakapotaka kuweka programu yako ya miaka saba, iliyoandikwa kwa prosesa za Intel au AMD.

Microsoft wenyewe waliumia hapo. Mwaka 2012 walitoa Windows RT ya prosesa za ARM, yenye sura ileile ya Windows lakini isiyokubali programu za zamani. Mwaka uliofuata wakatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa tableti za Surface RT zilizokosa wanunuzi. Kwa hiyo hapa sipangi kwa kasi, napanga kwa swali moja: kazi zako zitafunguka?

1. MacBook Air yenye chipu ya M. Naiweka juu bila kusita. Apple walianza na M1, prosesa yao ya ARM, mwishoni mwa 2020 wakiwa na mkalimani tayari, Rosetta 2, anayeigeuza programu ya Intel ieleweke na ARM. Mara ya kwanza programu inachelewa kidogo kufunguka, baada ya hapo unasahau. Siku hizi hata huyo mkalimani ana kazi chache, kwani programu nyingi kubwa zimeshaandikwa upya. Air haina feni kabisa. Unaweza kuhariri picha usiku mtu kalala kando yako. Ubaya ni kwamba RAM huwezi kuiongeza baadaye. Ukinunua M1 iliyotumika, tafuta ya GB 16 na uiache ya GB 8, hata kama muuzaji anaapa. Na kama lazima uendeshe Windows moja kwa moja kwenye mashine, Boot Camp, njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, haipo humu.

2. Chromebook ya ARM, yaani laptopu yenye mfumo wa Google unaotegemea kivinjari. Najua wapo watakaonicheka kwa kuiweka juu ya Windows. Lakini hesabu kazi zako za wiki nzima: barua pepe, hati, video, benki, vyote viko ndani ya kivinjari. Kivinjari hakihitaji mkalimani, kwa hiyo hakuna cha kukushtua. Angalia tu tarehe ya mwisho ya masasisho ya modeli yenyewe. Google wanaahidi miaka 10, ila hesabu haianzi siku uliyolipa. Inaanza siku jukwaa la modeli hiyo, yaani vipande vya ndani inavyoshiriki na modeli nyingine, lilipotoka. Chromebook mpya ndani ya boksi inaweza kuwa imeshakula miaka minne.

3. Windows yenye Snapdragon X, prosesa ya ARM ya Qualcomm. Mashine hizi zilizotoka katikati ya 2024 ni nzuri kweli, na mkalimani wao, Prism, amewapita mbali waliomtangulia. Tatizo ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa kama printa. Mkalimani anatafsiri programu za kawaida, lakini draiva hukaa ndani kwenye kiini cha mfumo, na huko hafiki. Niliazima moja nikaiunganisha na printa yangu ya zamani: taa ikawaka, jina likaonekana kwenye skrini, karatasi haikutoka. Mtengenezaji hakuwahi kuiandikia draiva ya ARM. Mambo kama hayo huzipata baadhi ya VPN, skana, na michezo ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu.

Kabla ya kulipa, kwenye mashine hiyo ya Snapdragon yenyewe, fungua programu zako, kisha Task Manager (dirisha la Windows linaloorodhesha programu zilizo wazi), nenda Details, washa safu ya Architecture. Programu iliyoandikwa ARM64 iko nyumbani. Iliyoandikwa x64, yaani ya Intel na AMD, inatafsiriwa. Ikiwa nyingi unazotegemea ni za aina hiyo ya pili, nunua Intel au AMD na usione haya. Ukikomaa na Snapdragon, hakikisha duka linakubali kurudishiwa.

4. Raspberry Pi 500. Kibodi ndiyo kompyuta. Unaleta skrini, kipanya na umeme. Inaendesha Linux, na hapa ARM haina kero, kwa sababu msimbo wa programu nyingi uko wazi na watu wameshautayarisha upya kwa prosesa hii. LibreOffice, programu ya hati na majedwali, inafunguka kama ilivyo kwingine. Inamfaa mtoto anayejifunza kuandika programu, au mtu mzima mwenye subira. Kwa video nzito, hapana.

5. Simu yenye DeX. Samsung wanayo tangu Galaxy S8 ya 2017: chomeka simu kwenye skrini, upate meza ya kompyuta yenye madirisha. Kama simu yako tayari inayo, ijaribu kwa waya tu kabla ya kununua chochote. Kununua simu mpya kwa ajili yake pekee, sikushauri.