Mega ya mkononi, miezi nane nayo hapa Dodoma

Wadau, mimi ni fundi umeme, miaka yote nilikuwa napima waya kwa maltimita tu, isiposoma kitu nasema waya mzima, kumbe maltimita inapima kwa volti chache za betri yake na insulesheni (ganda linalozuia umeme usivuje kwenye waya) iliyochoka haijionyeshi mpaka uisukume kwa volti 500. Ndo nikanunua hii mega, kifaa cha kupima insulesheni kwa volti kubwa, ina volti 250, 500 na 1000.

Iliyonifanya niiamini ni kazi ya mzee mmoja wa zabibu kule Hombolo. Pampu yake ya kisimani kila akiwasha breka inakata, ameshaambiwa mota imeungua anunue nyingine. Nikazima breka ya pampu nikaipiga kufuli, nikapima hakuna moto (maltimita nimeijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme), nikachomoa waya za pampu kwenye kontroli boksi ili kapasita isiingie kwenye kipimo, nikapiga volti 500 laini kwenda ethi: megaohm 0.03! Hapo inatakiwa angalau megaohm 1. Tukapandisha pampu juu, tukakata jointi, mota peke yake ikasoma megaohm 180. Jointi ndo iliingia maji. Tukafunga mpya, mzee anamwagilia mpaka leo na hela yake ya mota iko mfukoni.

Sasa usalama, hapa naomba mnisikilize vizuri. Waya mrefu wa kisima unabaki na chaji baada ya kupima, siku ile dogo wangu alinyoosha mkono ashike ncha na skrini bado inasoma volti 300 na kitu, nilipiga kelele mpaka majirani wakageuka. Hii mega ukiachia kitufe inamwaga chaji yenyewe na unaona volti zinashuka, sisi hakuna kugusa mpaka sifuri. Kwenye nyumba chomoa TV, friji, adapta na taa za LED, unganisha laini na nyutro upime kwenda ethi, la sivyo unaua vitu vya watu.

Mabaya yake: jua la saa saba huoni kitu kwenye skrini, na klipu zake si imara, nimeshazibadilisha. Kile kitufe cha kujifunga, kinachoiacha iendelee kupima bila kukishikilia, siku hizi sikitumii kabisa kama kuna mtu upande wa pili wa waya.

Ukienda dukani mwambie muuzaji aiwashe mbele yako akuonyeshe inavyomwaga chaji, maana za bei chee mbili nilizojaribu hazikuwa na uwezo huo.