Kabla hujauliza bei ya moli, uliza maji ya dukani

Ujumbe wa wafugaji wa samaki wa mapambo unaonifikia kutoka Sakina na Njiro za Arusha, na hata Moshi, ni uleule: "Dada, nimechanganya bunju, moli na gobi, wiki haijaisha nusu wamekufa. Wamepigana?" Pengine. Ila mimi huuliza kwanza: dukani walikuwa kwenye maji gani? Jibu huwa ni kimya.

Wauzaji wengi huwaweka samaki hawa wa mikokoni, ambako maji ya mto hukutana na ya bahari, kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maana chumvi ni gharama. Wewe umeshaandaa tangi la chumvichumvi kama ulivyoelekezwa, unammimina samaki humo. Figo zake zilizoea kutoa maji mwilini na matamvua kuvuta chumvi, ghafla kazi imebadilika. Kwa hiyo nenda dukani na haidromita yako, kile kipimo cha chumvi kwenye maji, muuzaji akinuna anune. Ikisoma 1.000, yaani hakuna chumvi, anza na maji baridi nyumbani pia, kisha pandisha chumvi kwa 0.002 kila wiki hadi 1.005. Mwendo huo unawafaa hata bakteria wa kwenye filta. Wakifa hao, amonia inapanda na samaki wanawafuata. Na samaki wa maduka mawili huenda wanatoka kwenye maji mawili, hivyo wasiingie tangi moja siku moja, hata kama kila mtu anakwambia wanapatana.

Sasa, nani wa kuanza naye? Nafasi ya kwanza nampa moli wa mapezi mafupi. Anaishi maji baridi, akizoeshwa taratibu anaishi hata ya bahari, kwa hiyo uzembe wa dukani haumwui upesi. Wa pili ni gobi nyuki: hafiki sentimita 5, anakaa chini na mambo yake. Chakula kikavu hukikataa, basi ukimkuta tumbo limebonyea, muache hukohuko. Wa tatu ni mono, anayepatikana hata kwenye mikoko ya pwani yetu. Anang'aa kama fedha, lakini anataka kundi, tangi kubwa, na chumvi inayoongezeka kadiri anavyokua. Skati ni vivyo hivyo, tena anaweza kufika sentimita 30. Sebule gani hiyo?

Bunju mwenye alama ya 8 mgongoni nimemweka mkiani kwa sababu anang'ata mikia ya wenzake. Ukimpenda, mpe tangi lake na konokono wa kusagia meno. Gapi ni rahisi, chumvi kidogo anaivumilia. Basi.

Kwenye chumvi sifichi, mimi ni wa Instant Ocean, chapa ya chumvi ya bahari ya matangi. Gramu 8 hivi kwa lita zinakufikisha karibu na 1.005, halafu pima. Chumvi ya mezani haina kalsiamu na magnesi wanayoihitaji. Na asikudanganye mtu kwamba maji ya Arusha "tayari yana chumvi": ya Meru yana magadi na floraidi nyingi, si chumvi ya bahari.

Kinachoniudhi ni vile vifuko vya chumvi vya kilo visivyo na jina. Ukiuliza ni chapa gani, unajibiwa "ni ya bahari, dada". Piga hesabu ya kifuko hicho kwa kilo, kisha ulinganishe na ndoo nzima yenye chapa. Mara nyingi ndoo ni nafuu, ila haipangwi mbele. Iko stoo nyuma, iulizie.